Hapa Kuna Mtu?

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka la rangi, pale mitaa miwili inapokutana, inasalimiana, kisha kila mmoja unaendelea na shughuli zake. Wakaaji wake wanajulikana. Mama Birika, muuza kahawa, hukaa mwanzo wa benchi karibu na jiko lake la mkaa. Anafuata Tani, mbeba magunia wa sokoni, ambaye akikaa benchi zima linapata habari. Kisha Karani, aliyestaafu masjala miaka kumi iliyopita lakini bado anavaa shati lililopigwa pasi na kubeba mwavuli hata kiangazi. Kisha Redio, kinyozi wa kibanda cha jirani, anayenyoa kwa mkono na kutangaza kwa mdomo. Kisha mimi, ninayeuza vitabu vilivyokwisha kusomwa na wengine, wananiita Maktaba. Kisha Nondo, mchomeleaji wa madirisha na mageti. Mwisho kabisa wa benchi hukaa kopo la sukari, mahali palipokuwa pa Sindano, fundi cherehani mwenye mguu wa kushoto usiokunjika, tuliyemzika kabla ya mvua zilizopita. Hakuna aliyepitisha azimio kwamba pasikaliwe. Kopo liliwekwa tu, likazoea.

Asubuhi hiyo hakuna aliyemuuliza mwenzake hali. Sote tulikuwa tumekaa upande mmoja wa makalio, shingo mbele, tukitazama ng'ambo ya barabara. Kwenye kile kiwanja kitupu manispaa ilikuwa imesimika kitu alfajiri: nguzo ndefu ya chuma, juu yake fungu la majani ya bati yaliyofumbana kama ua ambalo halijaamua kuchanua, na chini yake viti saba vya chuma vimeizunguka, vinatazamana. Hakuna kibao cha maelezo. Hakuna mlinzi. Hakuna hata mtu wa kuuliza.

Lazima niseme mapema kwamba wawili kati yetu tulikuwa tunajua. Miezi mitatu nyuma, binti mmoja msanii, aliyetumwa na manispaa, aliingia karakana ya Nondo na karatasi ya michoro. Nondo, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa amechomelea vitu vya kuzuia watu wasiingie, akaombwa atengeneze kitu cha kuwaita. Alikuja kwangu nimsomee maelezo, kwa kuwa macho yake yameliwa na moto wa kuchomelea. Yalikuwa mafupi. Viti vyote vikikaliwa kwa pamoja, mnyororo ulio chini ya sakafu unavuta, majani ya juu yanafunguka na kuwa kivuli. Mmoja akiinuka, yanafumba. Idadi ya viti na maumbo yake, aamue fundi. Asiambiwe mtu, wapita njia wagundue wenyewe. Na siku kitakapowekwa, afisa wa manispaa atakuja saa sita mchana. Kama hadi hapo watu hawajakifungua hata mara moja, kitapakiwa kwenye lori na kupelekwa bohari, kule bembea za watoto zinakoota kutu.

— Maktaba, Nondo aliniambia siku ile, nikikunja karatasi. Mimi nikifa leo, mtu akipita mtaani ataona nini changu? Madirisha. Atashukuru mwizi hakuingia, basi. Nataka kimoja tu ambacho mtu atashukuru kwa sababu aliingia.

Akaniapisha nisiseme. Nikaapa. Kwa hiyo asubuhi hiyo yeye alitazama kikombe chake, na mimi nikamtazama yeye.

Redio alikuwa wa kwanza, kama kawaida, hata kabla hajakaa vizuri.

— Ni mizani.

— Mizani ya nini? Tani aliuliza.

— Ya watu. Nimesikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu wa manispaa. Barabara zinaharibika, si ndiyo? Zinaharibiwa na nini? Uzito. Malori yamewashinda kuyapima, sasa watapima wenye miguu. Unakaa pale, kilo zako zinaingia kwenye nguzo, mwisho wa mwezi unaletewa karatasi mlangoni.

Tani aliweka kikombe chini polepole.

— Na mtu akiwa na gunia kichwani, kilo za gunia ni za nani?

— Za aliye chini yake.

— Basi mimi nimekwisha.

— Usimtishe mwenzio, baba, Mama Birika alisema huku akipepea jiko. Mimi nimekitazama tangu jua halijatoka. Lile ni bomba. Ile ni mashine ya kahawa. Mtu anakaa, anabonyeza, kahawa inashuka. Nimeuza hapa tangu kitinda mimba wangu hajaota meno, leo naletewa mke mwenza wa chuma.

— Hata kikitoa kahawa, mama, hakitoi umbea. Nani ataenda kunywa na nguzo?

— Watu wanapenda kipya, mwanangu. Hata wewe ulipoleta mashine ya kunyoa ya umeme, nani alitaka tena mkasi wako?

Karani alikohoa. Karani akikohoa, ujue methali iko njiani na haijui inakokwenda.

— Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Sasa tazameni kitu kile. Kinaelea?

— Hakielei, Tani alikubali.

— Basi hakikuundwa. Yaani hakikuundwa hapa. Kimeagizwa. Fundi wa mji huu hawezi kuunda kitu kama kile.

Nondo alimeza kahawa ya moto bila kuipuliza.

— Kimeagizwa, na tumeuziwa chakavu, Redio alidakia. Angalieni viti. Havilingani hata viwili. Kimoja kirefu kama cha kwenye baa, kimoja kipana kama kitanda cha mgonjwa, kile cha huku kifupi halafu kina mkia. Aliyevichomelea alikuwa amelewa.

— Labda alikuwa na sababu, Nondo alisema.

— Sababu ya kulewa?

— Ya kutolingana.

— Ndugu yangu, wewe kaa na madirisha yako. Nondo kumi, wima, sawasawa, mteja kaondoka. Mambo ya ng'ambo ya barabara waachie wenyewe.

Mteja alikuwa akimngoja Redio kibandani. Akaenda, na kupitia mlango ulio wazi tukamsikia akianza upya: barabara, malori, kilo, karatasi mlangoni. Aliponyoa kichwa cha pili habari ilikuwa imefika kwa muuza mboga. Alipomaliza cha tatu ilikuwa imekwenda sokoni na kurudi ikiwa imenenepa. Niliona mwanamke mmoja amefika karibu na viti, amenyoosha mkono aguse kimoja, rafiki yake akamvuta ushungi. Wakazunguka mbali, kama watu wanaokwepa dimbwi. Kufikia saa nne na nusu mtaa mzima ulikuwa unazunguka.

Mara mbili nilifungua mdomo. Mara mbili Nondo alinikanyaga kiatu.

Redio alirudi na nywele za watu kwenye mikono, mteja mmoja amemwacha kibandani nusu kanyolewa.

— Nimepata jipya. Si mizani.

— Si ulishasema ni mizani? Nimekwisha kumwambia mke wangu, Tani alilalamika. Amekataa kula.

— Ile ilikuwa habari ya asubuhi. Mteja wangu wa mwisho ana shemeji yake fundi umeme. Anasema kitu kile hakina waya hata mmoja. Umeelewa? Hakina waya. Sasa kitu kikubwa hivyo, bila waya, kinakula nini?

Swali lilikuwa zuri.

— Ni mtego, Tani alisema. Mimi nilikuwa nafikiri kimoyomoyo. Viti saba. Akikaa mmoja, kimya. Wawili, kimya. Akikaa wa saba, yale mabati yanashuka, pwaa, mmefunikwa kama kuku na tenga.

— Wafunikwe ili iweje?

— Hapo sijafika.

— Ni kamati, alisema Karani. Katika masjala nilikofanya kazi, kila jambo baya lilianza na viti saba. Wataletwa watu saba wenye miwani, watakaa pale wakitutazama, na jioni watatoa azimio kwamba benchi hili ni uchafu liondolewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana wameweka viti. Kiti hugusa nguo.

— Mzee Karani, methali hiyo haiko hivyo, nilimwambia.

— Wewe unauza methali, mimi nazitumia.

Redio alisubiri wacheke, wamalize. Ndipo akashusha sauti. Redio akishusha sauti hata Mama Birika huacha kupepea.

— Kinakula dakika.

— Dakika zipi?

— Zako. Fikirini, jamani. Wakubwa wa mji huu hawana muda. Ukienda ofisini, hana muda. Ukimpigia simu, hana muda. Lakini anahudhuria mikutano mitano, harusi mbili, na shamba lake analitembelea. Muda huo anautoa wapi?

— Wapi? alisema Tani, na nikaona amesogea hadi ukingoni mwa benchi.

— Kwa watu waliokaa. Wewe unakaa pale, unaona umepumzika robo saa. Kumbe ile robo saa imenyonywa kitini, imepanda nguzoni, imehifadhiwa kwenye yale mabati yaliyofumba. Jioni linakuja gari, zinapakuliwa, anapelekewa mkubwa. Yeye siku yake ina saa thelathini, wewe unashangaa jua limezama hujafanya kitu.

— Ndiyo maana, Tani alisema taratibu. Ndiyo maana wamekiweka mbele yetu.

— Sasa umeona. Mji mzima, nani ana muda mwingi kuliko sisi? Sisi ni mgodi.

Kijiwe kililipuka. Mama Birika alitaka kujua kama mtu anaweza kurudishiwa dakika zake akiomba kwa barua. Karani alisema barua iandikwe nakala tatu, maana akiba haiozi. Tani alihesabu kwa vidole muda aliokaa kwenye benchi tangu ujana wake, vidole vikaisha, akaomba vyangu. Ilikuwa asubuhi nzuri kuliko nyingi nilizoziona pale; watu walikuwa wanasimama kusikiliza, macho yamewatoka, na kila aliyesimama aliondoka akizunguka mbali na vile viti. Sijui kumlaumu Redio. Mtu aliyezaliwa na kipaji cha kusimulia ni kama mto. Haumwagilii tu pale unapoombwa.

Lakini ilikuwa saa tano na nusu, na Nondo alikuwa amekunja kofia yake ya kazi hadi imekuwa kitambaa.

Saa sita kasoro robo lori la manispaa lilisimama ng'ambo. Akashuka afisa, kijana mwembamba mwenye faili, akazunguka viti, akapitisha kidole juu ya kimoja, akatazama vumbi. Kisha akavuka barabara kuja kwetu, kwa kuwa sisi ndio tulioonekana kama watu wa kujua.

— Shikamooni wazee. Kuna mtu yeyote amekaa pale leo?

— Marahaba. Hakuna, alisema Redio kwa fahari. Mtaa huu umeamka. Hanyonywi mtu.

Afisa hakuelewa, ila aliandika.

— Basi nitajaza kwamba hakijatumika. Saa sita kamili kinapakiwa.

— Kwani kilikuwa cha nini, mwanangu? Mama Birika aliuliza.

Afisa alifungua faili akasoma kama anavyosoma mtu asiyetaka lawama:

— Lengo. Wananchi watue kidogo kwa pamoja.

— Watue?

— Ndivyo ilivyoandikwa, mama. Wakae. Wapumzike. Pamoja.

Redio alianza kucheka.

— Pamoja? Sisi tumetua hapa miaka ishirini bila nguzo. Nani huyo aliyekaa akafikiri watu hawajui kukaa? Ni fundi gani mwenye akili timamu...

— Ni mimi, alisema Nondo.

Kicheko cha Redio kilibaki mdomoni, hakijui pa kwenda.

— Wewe nini?

— Nimekitengeneza mimi. Miezi mitatu. Chuma nimekata mimi, majani nimekunja mimi, mnyororo nimefunga mimi. Niliambiwa nisiseme hadi saa hii. Sasa lori limekuja, sina tena cha kuficha. Viti vyote vikikaliwa, pale juu panafunguka, panakuwa kivuli. Ni hicho tu. Hakipimi mtu. Hakinyonyi mtu.

Karani alitafuta mpini wa mwavuli wake. Tani alitazama mikono ya Nondo, ile yenye makovu madogo ya cheche, kama ndiyo kwanza anaiona.

— Na tangu asubuhi ulikuwa unatusikiliza tu, Redio alisema.

— Nilikuwa nawasikiliza.

— Hata ule ulevi.

— Hata ule.

Redio alijipangusa nywele za watu mikononi, moja moja, muda mrefu.

— Nyanyukeni, alisema mwishowe. Nyanyukeni wote. Mama, beba birika.

Tukavuka barabara kwa mstari, kama watoto wanaopelekwa chanjo. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hata mimi niliyesoma maelezo sikulijua.

Tani ndiye aliyekaa kwanza, kwenye kile kipana. Alikaa kwa woga, nusu, kama anavyokaa kila mahali, maana maisha yake yote viti vimemlalamikia. Kisha akajiachia. Chuma kikashuka kwa unene wa kidole, klik, kikatulia.

— Jamani, alisema. Kimenienea.

— Kimekuenea vipi?

— Kimenienea. Hakinibani popote. Mimi sijawahi...

Karani alikuwa amegundua kwamba kiti chenye mgongo ulionyooka kina ndoano ubavuni, na mwavuli wake ulipotundikwa haukugusa chini. Mama Birika aliona duara la chuma pembeni mwa kiti chake, akaliwekea birika, likaingia hadi shingoni kama yai kwenye kikombe. Kile kirefu cha baa kilikuwa cha mtu aliyezoea kusimama, na kilizunguka kushoto na kulia, kwa kuwa Redio hawezi kusema jambo bila kuligawa pande zote mbili. Changu kilikuwa na mkono mpana ulioinama kidogo. Niliweka kitabu juu yake, kikakaa bila kuteleza.

— Ulitupima lini? Mama Birika aliuliza.

— Sikuwapima. Fundi hapimi mtu anayemwona kila siku.

Nondo akakaa kwenye chake, kitupu, bila urembo. Klik ya sita. Tukainua vichwa. Majani ya bati yalitikisika, yakalia kidogo kama mlango unaofikiria, yakabaki yamefumba.

Kiti cha saba kilikuwa mbele yetu. Kifupi. Na ule mkia aliouona Redio kutoka mbali haukuwa mkia: kilikuwa kijiti cha chuma chenye ubao mdogo mwishoni, kimenyooka mbele upande wa kushoto, cha kupumzishia mguu usiokunjika.

Hakuna aliyehitaji kuuliza.

— Nilihesabu watu wa kijiwe, Nondo alisema akitazama chini. Kama ninavyowahesabu siku zote, kuanzia kwa mama. Nikafika saba. Nilikuwa nimeshakichomelea na kukifunga mnyororo ndipo nikakumbuka.

— Ungekikata, baba, alisema Mama Birika kwa upole.

— Nilishika msumeno. Mkono ulikataa.

Afisa alitazama saa yake.

— Wazee wangu, hakijafunguka.

— Kaa wewe hapo, Tani alimwambia. Dakika moja tu.

— Siruhusiwi. Nikikaa mimi, ni kama mwamuzi kufunga goli.

— Nilete gunia la saruji basi. Nalifuata mbio.

— Gunia si mwananchi.

— Mimi nina uzito wa wananchi wawili, Tani alisema, na akajaribu kunyoosha mguu hadi kiti cha saba. Mguu ulifika, lakini kiti chake kikapanda, klik, ikawa tumerudi nyuma.

Redio alizunguka na kiti chake kuelekea barabarani na kuita kwa sauti yote aliyopewa.

— Jamani, mtu mmoja. Mmoja tu aje akae. Hakuna ubaya.

Muuza mboga alisimama mbali, mikono kiunoni.

— Si wewe uliyesema kinapima kilo?

— Nilikosea, dada.

— Na dakika zangu je?

— Hizo pia nilikosea.

— Ukikosea mara mbili kabla ya adhuhuri, ya tatu nitakuaminije?

Akaondoka. Kijana wa duka la rangi alitikisa kichwa. Mzee mmoja alivuka barabara ili asiwe upande wetu. Maneno tuliyoyapanda tangu asubuhi yalikuwa yameota vizuri, na sasa sisi wenyewe ndio tuliokuwa tumekaa katikati ya shamba. Redio aliendelea kuita, sauti ikipungua. Sijawahi kumwona akiwa na habari ya kweli, na hakuna wa kuipokea. Dereva wa lori aliwasha injini. Nondo alivaa kofia yake iliyokunjamana, kama mtu anayejiandaa kuondoka mahali pake mwenyewe.

— Ni sawa, alisema. Mmekaa ninyi. Yatosha.

Ndipo akatokea mwanamke mmoja kutoka upande wa hospitali. Hatukumfahamu. Alikuwa amevaa sare ya muuguzi iliyokunjamana, mkoba begani, na alitembea kama mtu ambaye miguu si yake, ameazimwa na anatakiwa airudishe. Zamu yake ilikuwa imepitiliza. Mtu aliyekuwa wodini tangu jana hakuwa amesikia mizani, wala mtego, wala dakika. Aliona viti, akaona watu wamekaa, akaona kimoja kitupu. Akaja hadi nyuma ya kiti kile kifupi, akashika mgongo wake.

— Samahani, alisema. Hapa kuna mtu?

Kijiwe chetu kimejibu maswali mengi. Tumeeleza kwa nini mvua inachelewa, kwa nini simba hatafuni chumvi, na nani ataishinda timu ipi na kwa sababu gani. Swali lile tulilitazama likiwa limesimama mbele yetu, sita wazima. Karani alikohoa, na hakikufuata kitu. Mama Birika alikuwa ameshika kikombe kitupu, anakifuta kwa ncha ya kanga, anakifuta tena. Nondo alitazama ule ubao mdogo wa kupumzishia mguu.

Yeye alingoja kwa adabu. Alipoona kimya, akajijibu mwenyewe.

— Basi nitakaa kidogo tu. Akija nitampisha.

Akakaa. Akaona kile kijiti cha chuma, akashangaa kidogo, kisha akavua kiatu na kuweka juu yake mguu wa kushoto uliovimba. Mguu ukalala pale kama vile kiliwekwa kwa ajili yake.

Klik.

Chini ya miguu yetu mnyororo ulinguruma. Juu, majani ya bati yaliachana, moja, jingine, jingine, bila haraka, yakilala hewani pande zote hadi jua likakatika usoni mwetu na kivuli cha baridi kikashuka juu ya watu saba. Ng'ambo ya barabara muuza mboga alikuwa amesimama, fungu la mchicha mkononi. Kijana wa duka la rangi alitoka nje. Mwanga ulipenya kwenye matundu madogo ambayo Nondo aliyatoboa, ukatembea juu ya mapaja yetu kama samaki.

Karani alikuwa ameinua uso, kinywa wazi.

— Ukiona vyaelea, alisema polepole. Kisha akageuka kwa Nondo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu methali yake ilifika ilikokuwa inakwenda. Vimeundwa, ndugu yangu. Vimeundwa.

Nondo alivua kofia.

Mama Birika alimimina kikombe akampelekea mgeni kwa kupokezana, bila yeyote kuinuka, kupitia kwangu na kupitia kwa Redio. Kilipomfikia, mgeni alikuwa amelala. Kichwa kilikuwa kimeangukia bega, mkoba mapajani, mguu juu ya kijiti cha Sindano. Redio alikiweka kikombe juu ya mkono wa kiti cha mgeni, taratibu sana.

Afisa alikuwa ameandika. Alikwenda hadi kwa dereva akamwambia kitu, na badala ya kuondoka kwa kishindo, lori lilizimwa, likasukumwa hadi kona ndipo likawashwa.

Mteja alitokea mlangoni mwa kibanda, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, akapunga mkono kumwita kinyozi wake. Redio aliweka kidole mdomoni. Akaonyesha juu, akaonyesha mwanamke, akaonyesha makalio yake mwenyewe kitini, kwa maana kwamba akiinuka, mambo yote yatafumba. Mteja alitazama, akatafuta mahali, akaketi kwenye benchi letu ng'ambo, kando ya kopo la sukari.

— Mpaka lini? Tani alinong'ona.

— Mpaka aamke.

— Na nina magunia arobaini sokoni.

— Inuka basi.

Tani hakuinuka.

Mama Birika alichomoa birika kwenye duara lake, akalitikisa karibu na sikio, akalirudisha.

— Kahawa imekwisha, alisema kwa sauti ya chini.

Siku zote neno hilo likitamkwa, kijiwe huvunjika. Mtu hujipangusa, husema haya basi, huondoka. Tulitazamana, wote sita. Kisha kila mmoja akajiweka sawa kwenye kiti chake, taratibu, asije akakiinua.